Maji ya ngama: mfumo unaofanya kazi huku ukishambuliwa

Jumatatu ile nilifika kazini saa moja kasorobo, viatu vimelowa kwa mvua ya masika. Nesi mkuu alikuwa ananingoja mlangoni pa chumba changu, na ufunguo sijautoa mkobani.

"Mwanangu, kompyuta zote zimeandika Kizungu. Hakuna hata moja inayotoa jina la mgonjwa."

Nikaenda naye mapokezi. Skrini nyeusi, maandishi meupe: mafaili yenu yamefungwa, mkitaka ufunguo lipeni, zikipita saa 72 bei inapanda. Nikakimbilia kwenye seva, kompyuta kuu inayohifadhi mafaili yote. Kila faili lilikuwa limeongezewa mkia wa herufi sita zisizo na maana. Nikaangalia diski ya bekapu, iliyokuwa imechomekwa nyuma ya seva usiku na mchana. Nayo ilikuwa na mkia uleule.

Nje mabenchi yalikuwa yameshajaa. Jumatatu ni kliniki ya sukari na presha, na wazee wa mashamba huondoka na daladala ya alfajiri, wengine Makunduchi, wengine Nungwi, kadi zao wamezifunga kwenye leso. Mzee mmoja akaniuliza kama daktari yupo. Nikamwambia yupo. Sikuwa na la kuongeza.

Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Unguja. Siku sita zilizofuata, na miaka miwili iliyokuja nyuma yake, zilinibadilisha namna ninavyoifikiri kazi hii. Chuoni tulifundishwa swali moja: tuwazuie vipi wasiingie? Ni swali la haki, na bado nalihangaikia kila siku. Lakini asubuhi ile walikuwa wameshaingia, na swali lililokuwa limekaa pale kwenye mabenchi lilikuwa jingine kabisa. Wakiwa ndani, kazi inaendeleaje?

Kilichotuokoa siku ya kwanza ni kaunta buku. Mama wa dirisha la dawa, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla mimi sijazaliwa, alikuwa na tabia ya kuandika kila dawa anayoitoa: tarehe, jina, kijiji, dawa, kipimo. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia aache, kwa sababu mfumo unayaandika yote hayo na yeye anajichosha bure. Hakubishana nami na hakuacha. Asubuhi ile alilitoa lile buku chini ya meza, akaliweka juu ya kaunta, akafungua mwezi uliopita, akasema, "Haya, niitieni majina."

Maabara nayo iliendelea. Mashine ya kupimia damu imeunganishwa kwa waya na laptopu moja kuukuu, na laptopu ile sikuwahi kuiunganisha na mtandao kwa kuwa programu yake ni ya zamani mno. Niliiacha pembeni kama mgonjwa asiyeweza kutoka nje. Siku ile ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote.

Walivyoingia ni kisa kifupi. Fundi wa programu ya uhasibu alikuwa ameacha mlango wa kuingilia kwenye seva kutoka mbali, ili akitakiwa asiwe anakuja hadi ofisini. Mlango ule ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na nywila yake ilikuwa jina la programu na mwaka. Kuna mashine zinazozunguka intaneti mchana kutwa zikigonga milango ya aina hiyo. Mmoja ukafunguka. Humo ndani kila kompyuta ilimwona mwenzake, na zote zilikuwa na nywila moja ya msimamizi. Nywila hiyo niliiweka mimi. Ilinirahisishia kazi, ikamrahisishia na mwizi.

Hatukulipa. Daktari mkuu alikataa siku ileile, na bado naona alifanya sawa, kwa sababu anayelipa hana dhamana yoyote kwamba atapewa ufunguo unaofungua, na anawapa wale watu mtaji wa kwenda kumpiga mwingine. Tulirudi kwenye nakala ya wiki tano nyuma, ambayo nilikuwa nayo kwa bahati tupu: nilibadilisha diski moja iliyokuwa inajaa, ile ya zamani nikaitia kwenye droo, nikaisahau. Wiki tano za kumbukumbu tuliziandika upya kutoka kwenye kaunta buku, kadi za wagonjwa na karatasi za maabara. Kazi ile ilichukua usiku mwingi.

Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa majahazi ya Wete na Tanga. Nilipokuwa mdogo alinipeleka kuona chombo kimepandishwa pwani kwa matengenezo. Mafundi walikuwa wanakalafati, wanashindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, mlio wake unasikika hadi sokoni. Nikamuuliza, wakimaliza maji hayataingia tena? Akacheka. Akasema chombo cha mbao kinakunywa, mbao hazijapata kufungana hata siku moja. Akanionyesha ngama, pale chini kabisa karibu na mlingoti, panapokusanyika maji yote yanayovuja. Kuna mtu kazi yake ni kuyafua, kuyachota na kuyamwaga nje, zamu kwa zamu, usiku kucha kama bahari ni mbaya. Na mzigo wa karafuu hauwekwi sakafuni. Unalazwa juu ya vijiti na majamvi, ili maji yapite chini yake yaende ngamani bila kuugusa.

Ndiyo maana ngama imekuwa kwangu neno la kazini. Waundaji wa majahazi wanakalafati kwa bidii zote, kisha wanakiunda chombo kama watu wanaojua kwamba kalafati itashindwa mahali fulani. Wameshaamua maji yatakwenda wapi, nani atayaona, nani atayafua, na kitu gani kisilowe hata itokee nini. Nilipoutazama mfumo wetu kwa jicho hilo, niliona tumeunda chombo kisicho na ngama. Tone moja lililopenya mapokezi lilienda moja kwa moja kwenye karafuu.

Na hatukuwa peke yetu. Tarehe 27 Juni 2017, virusi vilivyopewa jina la NotPetya vilitoka kwenye masasisho ya programu moja ya uhasibu huko Ukraine, vikasambaa duniani kwa saa chache. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilikuwa na seva kama 150 zilizoshika orodha ya watumiaji wake wote na ruhusa zao. Kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake, ili ikifa moja nyingine zibaki. Zilikufa zote, kwa sababu zote zilikuwa za aina moja kwenye mtandao mmoja. Ikabaki moja tu, ya ofisi ya Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijafika. Kutoka kwenye ile moja ndipo walipoanza kujenga upya. Miezi michache baadaye mwenyekiti wa bodi yao, Jim Hagemann Snabe, alisimama kwenye mkutano wa uchumi wa Davos, Uswisi, akaeleza kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na kwamba katika siku hizo mizigo ilipungua kwa asilimia 20 tu. Asilimia 80 iliyobaki waliihudumia kwa mikono.

Nilipoisoma habari ya Ghana niliikumbuka droo yangu. Wao waliokolewa na umeme uliokatika, sisi na usahaulifu. Ukitazama, ni kitu kimoja: kulikuwa na nakala ambayo haikuwa imeunganishwa na chochote saa ile. Shida ni kwamba hakuna aliyeikusudia, wao wala mimi. Tangu siku ile nimejitahidi kukikusudia kile ambacho mwanzo kilikuja kwa bahati.

Sisi wa visiwani tulipaswa kulijua hili mapema. Mei 2008 Unguja ilikosa umeme karibu mwezi mzima, kwa hitilafu kwenye njia moja iliyokuwa ikituletea umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, unaotokea pale Fumba, uliolazwa mwaka 1980. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii tukakaa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Nilikuwa nasoma skuli hapa Mjini, nakaa kwa shangazi. Tulisoma kwa kibatari. Maji ya mfereji yakakauka, kwa kuwa pampu nazo zilikula umeme uleule, jambo ambalo mtoto wa skuli hakuwahi kulifikiria mpaka alipobeba ndoo. Nyumba ya jirani yenye kisima cha kamba ndiyo iliyotunywesha mtaa mzima. Na mama alikuwa ananipigia simu kutoka Wete kuniuliza hali, yeye kwake taa inawaka, kwa sababu Pemba ilikuwa bado na majenereta yake ya dizeli. Waya wa kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Pemba, ambayo kila mtu aliiona imeachwa nyuma, ilikuwa na taa kwa kuwa haikutegemea waya wetu.

Kwa hiyo anaponijia muuzaji na kuniambia suluhisho ni kupeleka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, namsikiliza, kwa sababu wingu lina faida zake na nakala yetu moja iko huko. Kisha namuuliza kuhusu Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi siku ile angetibiwaje?

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa kikao. Daktari mkuu alitukusanya, akauliza: kitu gani hakitakiwi kusimama hata saa moja? Kila mmoja akataja cha kwake. Uhasibu wakasema malipo, kwa sababu bila malipo hakuna mshahara. Utawala wakasema ripoti. Mimi nikasema seva, jibu ambalo leo naliona halikuwa jibu. Tukaenda hivyo zaidi ya saa mbili, chai ikapoa. Kisha nesi mkuu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Anayedaiwa anajua anadaiwa. Anayetaka damu hajui kundi lake."

Baada ya hapo kikao kilikwenda haraka. Tukakubaliana kwamba mzigo usiolowa ni huu: mgonjwa ni nani, ana mzio wa nini, anatumia dawa gani, kundi lake la damu, na majibu yake ya maabara ya siku 90 zilizopita. Kwa mtu mmoja yote hayo yanaingia kwenye nusu karatasi. Miaka mingi tulikuwa tunalinda kila kitu kwa nguvu sawa, na kilichokuwa na thamani ya roho ya mtu kilikuwa nusu karatasi.

Kila jioni saa kumi na mbili mfumo unatengeneza muhtasari wa nusu karatasi hiyo kwa wagonjwa wote. Tuna vishikwambi vitatu: dirisha la dawa, wodini, na chumba cha dharura. Seva haina ruhusa ya kuviandikia chochote. Vyenyewe ndivyo vinavyokwenda kulichukua faili, vinakagua sahihi yake ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba faili halikuchezewa, na kama hailingani vinabaki na la jana. Kisha vinajitoa mtandaoni hadi kesho yake. Mdukuzi akiishika seva nzima saa nne asubuhi, vishikwambi havina habari naye.

Mtandao wenyewe nimeukata vyumba. Nyumba za Mji Mkongwe zina akili ambayo mafundi wa mitandao tumeichelewa: mgeni anapokelewa barazani, anakunywa kahawa yake, mazungumzo yanakwisha, na ndani hajakuona. Mapokezi sasa ni baraza. Kompyuta zake zinafungua barua pepe, zinapokea flashi za watu, zinaongea na dunia, kwa hiyo zina haki ya kuuliza seva maswali machache tu kupitia mlango mmoja. Uhasibu chumba chake, maabara chumba chake, kila chumba na nywila zake. Na kila usiku saa saba kompyuta za mapokezi zinafutwa na kuanza upya kutoka kwenye nakala safi. Aliyejificha humo kusubiri nafasi analazimika kuanza moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, walilipeleka wazo hili mbali zaidi: seva zinapokezana zamu, moja inakaa mbele ya watu muda mfupi, inaondolewa kusafishwa, nyingine inashika nafasi, mfululizo, kama mabaharia wanaofua maji.

Nikaweka pia tofauti kwa makusudi. Seva inayotengeneza muhtasari inatumia mfumo endeshi wa Linux, ile kubwa wa Windows, kwa sababu kirusi kilichoandikwa kuiua moja kwa kawaida hakijui kuiua ya pili. Ndege ya Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, inaongozwa na kompyuta za aina mbili, zenye prosesa za makampuni tofauti na programu zilizoandikwa na timu tofauti, ili kosa la upande mmoja lisirudiwe na wa pili. Inaniongezea kazi, sikatai. Najifunza mambo mawili pale ambapo zamani nilijifunza moja.

Kinachoninyima usingizi zaidi si mfumo uliozimika. Uliozimika unauona. Ninaouogopa ni ule unaoendelea kuwaka huku unasema uongo, mtu ameingia kimya akabadilisha O ikawa A kwenye kundi la damu. Mwaka 1982 wanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease waliliandikia tatizo hili kwa mfano wa majemadari wanaouzingira mji wakati mmoja wao ni msaliti. Mimi huwaelezea wenzangu kwa mwezi. Chukua watu watatu wanaopigiana simu usiku wa ishirini na tisa. Wa kwanza ananiambia umeandama. Namuuliza wa pili, ananiambia, mimi kaniambia haujaandama. Mmoja wao ni mwongo, lakini yupi? Labda wa kwanza katuambia kila mtu lake, labda wa pili ananigeuzia maneno. Nikiwa peke yangu na hao wawili sina njia ya kujua. Wakiwa wanne, na mwongo ni mmoja, njia ipo. Wanasayansi wale walionyesha kwamba kwa habari za mdomo namna hii, ili kuwavumilia waongo idadi fulani unahitaji jumla ya watu mara tatu ya idadi hiyo na mmoja juu.

Kwa damu sisi tunatosheka na vitatu: kadi ya mgonjwa, daftari la maabara, na mfumo. Tunatosheka kwa sababu nesi anaviangalia vyote kwa macho yake mwenyewe, hakuna kinachomletea habari ya mwenzake. Vikitofautiana hata herufi moja, hakuna mjadala, damu inapimwa upya. Na vikikubaliana, damu inapimwa upya vilevile kabla ya kuongezwa, kama ilivyokuwa ikifanywa tangu zamani. Taratibu nyingi za manesi, nimekuja kugundua, zimebuniwa na watu waliojua kwamba kila chombo kinaweza kusema uongo.

Kila baada ya miezi mitatu tuna siku ya daftari. Kwa saa mbili nazima mfumo, na hospitali inafanya kazi kwa karatasi na vishikwambi. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Karatasi ya maabara haikuwa na nafasi ya kuandika saa. Manesi vijana hawakujua karatasi tupu zinawekwa wapi. Nilipotaka kuwapigia simu wahusika, nikakumbuka orodha ya namba imo kwenye seva niliyoizima, pamoja na mpango wenyewe wa dharura, kurasa kumi na nne nilizoziandika kwa uangalifu. Sasa mpango ni ukurasa mmoja, umebandikwa nyuma ya mlango wa kabati la dawa, na namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Mama wa dirisha la dawa ndiye anayewafundisha vijana kujaza kaunta buku. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno yangu ya zamani. Akaniambia, "Hata sikuyaweka moyoni, mwanangu, we ulikuwa mgeni wa kazi."

Alhamisi ya mwisho ya Shaabani mwaka jana wakaja tena.

Safari hii walipitia kwa kijana wa uhasibu. Barua pepe ilikuja kwa jina la muuzaji wetu wa glavu, na ankara ndani yake, siku ambayo kweli tulikuwa tunaingoja ankara ya glavu. Akaifungua. Mtu yeyote angeifungua. Saa nne na dakika arobaini simu yangu ikalia: faili la chambo limeguswa. Kwenye kila chumba nimeweka mafaili yenye majina ya kuvutia ambayo hakuna mfanyakazi mwenye sababu ya kuyagusa. Likiguswa, maji yamefika ngamani.

Nilikuwa ngazini. Niliifunga njia ya chumba cha uhasibu kwa simu, nikashuka mbio kuchomoa waya wenyewe kwenye swichi kwa mkono, kwa sababu siku kama hiyo napenda kuuona waya uko mkononi mwangu. Kijana alikuwa amesimama mbali na meza, mikono kifuani. "Dada, ni mimi," akaniambia. Nikamwambia akae, na asiizime kompyuta, nataka kuiona ilivyo.

Daktari mkuu akatokea mlangoni. "Zima kila kitu! Zima zote!"

"Tusizime, Daktari. Chumba hiki nimeshakifunga. Maabara na dawa ni nzima, na nje kuna watu."

Alinitazama muda ambao niliuona mrefu. Alikuwa anaikumbuka Jumatatu ile, kama mimi. "Haya," akasema. "Nifahamishe kila robo saa."

Baadaye nilisoma kumbukumbu za mtandao. Kabla sijachomoa waya, kile kitu kilikuwa kimegonga mlango wa maabara na wa seva mara 214. Kilijaribu kila nywila kiliyoikuta uhasibu, na hakuna hata moja iliyofungua chumba kingine.

Kwa tahadhari niliwaambia dirisha la dawa watumie kishikwambi hadi nihakikishe. Nilipopita pale, mama alikuwa amemwinamia mwanamke mmoja mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Mkononi ana karatasi ya daktari: amoksilini ya maji, dawa ya ukoo wa penisilini, mara tatu kwa siku. Anapandisha kwa kidole kwenye kishikwambi, taratibu, miwani imeshuka puani. Akasimama. "Mwanangu, huyu si ndiye aliyevimba uso mwaka jana? Hapa pameandikwa penisilini." Mwanamke akasema ndiye. Karatasi ikarudi kwa daktari, ikaja na dawa nyingine, na foleni ikasogea. Watu kumi walioko nyuma yake hawakujua kwamba hatua ishirini kutoka pale kuna mtu wa mbali anajaribu kuvunja mlango.

Uhasibu ulisimama siku moja na nusu. Risiti ziliandikwa kwa mkono, na kuna mahesabu yaliyochukua wiki kunyooka. Bado sijaridhika na upande huo. Kompyuta ya yule kijana niliitoa nakala kwa uchunguzi, nikaifuta, nikaianzisha upya. Yeye mwenyewe sasa ndiye anayewaonyesha wafanyakazi wapya ile barua, iliyochapishwa karatasini, na kuwauliza wangeijuaje. Wengi wanasema wasingeijua, naye anawaambia kwa hiyo wakishabofya wapige simu mara moja, wasingoje.

Limebaki la diski. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, inakadiriwa theluthi mbili. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa za Pemba. Nilikulia chini ya mikarafuu hiyo bila kujua kwa nini ipo kwetu kwa wingi kuliko Unguja.

Kwa somo hilo, kila Alhamisi nakala kamili ya mfumo, imesimbwa yote isisomeke bila ufunguo, inaingia kwenye bahasha ya kaki na kupanda boti kwenda Mkoani, mkononi mwa mfanyakazi wetu, kisha kwa gari hadi tawi letu dogo la Chake. Bahasha ya wiki iliyopita inarudi na boti. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naifungua mojawapo kwenye mashine tupu kuona kama kweli inafufuka. Mwezi huu ilichukua saa tatu na dakika ishirini, na nikamfungua mgonjwa mmoja mmoja kwenye orodha ya majaribio hadi nikaridhika.

Alhamisi iliyopita bahari ilichafuka, boti ikachelewa, nikakaa na simu mkononi hadi alasiri. Ilipolia alikuwa kijana wa Chake.

"Imefika, dada."

"Umeichomeka popote?"

"Sijaichomeka. Nimeitia kabatini, nimefunga."